Bata kwenye jaruba kavu

Sen shoga, toa maji kwenye jaruba lako sasa hivi. Utanicheka baadaye.

Mwanangu Diem kaleta wageni wa mradi waone jaruba letu la mfano, linaloachwa likauke ili mpunga usitoe gesi ya kuongeza joto duniani. Nami jana, kama wewe, nilifungulia maji kwa siri. Udongo umepasuka, mama gani atatazama tu?

Wamekuta bata wanaogelea.

"Mama, nani kafungulia maji?"

Nikasema mvua. Mvua, Sen, kiangazi hiki.

Mgeni akakanyaga tope, mapovu yakapanda. Diem akaninong'oneza, "Gesi ndiyo hiyo, mama. Na kazi yangu inaondoka nayo."

Ikabidi niwaambie lako limekauka vizuri. Wako njiani. Na bata wako nao wafungie.