Mkono wa Gurudumu la Kushoto

Uingereza,
Jumapili mchana.

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mgongo umetulia, na Mama amepata nafuu ya macho. Mvua imefika Kasikeu, au mnayatazama tu mawingu yakipita kwenda Kitui? Huku inanyesha kila siku na hakuna anayeishukuru. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una hofu, na nakuandikia wewe kwa sababu umechomelea plau za watu pale sokoni miaka mingi, utanielewa. Sehemu hii usimsomee Mama.

Unajua karakana yetu inaunda gari la mashindano. Lina kiti kimoja tu. Magurudumu yote manne yako nje, hayana madigadi, na kila moja limeshikwa na mikono ya chuma yenye umbo la manati. Dereva analala karibu chali, petroli kushoto kwake na kulia kwake. Mikono hiyo ndiyo kazi yangu.

Anayelichora gari ni Bwana Desmond, mwenye karakana. Kila asubuhi anaweka vipande kwenye mizani kama muuza nyama, na kikizidi uzito anarudi kwenye ubao wake kukipunguza. Mwezi uliopita alileta paipu mpya ya mikono ya mbele. Nilipoweka moto tu, ikawa nyekundu upesi mno na kulegea. Nikamwambia ni nyembamba. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba kwa hesabu zake inatosha. Nikanyamaza, Baba. Karatasi yangu ya kukaa huku imeandikwa jina la karakana hii, nikaona nikibishana nitarudishwa nyumbani. Nikachomelea mikono ya magari mawili.

Jumatatu tulipeleka gari la kwanza kwenye uwanja wa zamani wa ndege kulijaribu. Dereva alikuwa Martin, mtu mpole ambaye hunipa chai kabla ya kujimiminia yeye. Mzunguko wa tatu, mkono wa gurudumu la kushoto ulikatika. Gari likazunguka mara nyingi, likaburutika nyasini. Gurudumu lenyewe liliruka juu yetu likaanguka nyuma ya lori. Tulipomfikia Martin, petroli ilikuwa inamwagika mpaka kwenye viatu vyangu, na injini bado ina moto. Tulimtoa. Mguu wake umevunjika pahali pawili. Kama cheche moja ingetokea, nisingekuandikia leo.

Jioni ile fundi mwenzangu alisema mbele ya wote kwamba bila shaka ni uchomeleaji. Hakuna aliyebisha. Nililala na nguo, nikingoja kuambiwa nifunge mizigo.

Asubuhi niliutazama ule mkono. Haukukatika kwenye chomeo langu, ulikatika kando yake, upana wa ukucha tu. Nakwambia ukweli: sijui kama kosa ni la wembamba wa paipu au moto wangu ndio uliidhoofisha. Labda vyote viwili. Lakini gari la pili lilikuwa limeshapakiwa kwenye lori, mikono yake ni ya paipu ileile, na dereva wake, Peter, baba wa wasichana wawili, alikuwa anavaa glovu.

Nikaenda kwa Bwana Desmond.

"Bwana, nilijua haitoshi, nikasema mara moja tu nikanyamaza. Gari la pili ni vilevile. Tafadhali lisitoke."

Alienda mwenyewe akafungua mkono mmoja, akaubana kwenye jiriwa, akaingiza bomba refu, akauegemea. Ulikatika kabla hajaweka uzito wake wote. Akaketi juu ya tairi, uso mweupe kama unga. Nilidhani nimekwisha. Alisema tu, "Shusheni gari."

Tangu siku hiyo amechora mikono upya, paipu nene zaidi, na gari limeongezeka uzito. Nimeichomelea yote polepole. Akatoa amri mpya: gari halitoki mpaka mimi nikague na kukubali. Wenzangu walinipongeza, lakini sikulala.

Ijumaa Peter aliingia ndani ya gari, wakamfunga mikanda. Akanitazama kupitia kofia yake. "Mutisya, niende?"

Nilishika kila mkono mara mbili, nikasema, "Nenda." Alizunguka mara ishirini akarudi akicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya banda nikatapika.

Baba, zamani niliogopa kufukuzwa. Sasa naogopa neno langu mwenyewe. Wiki ijayo ataniuliza tena, na wiki inayofuata pia, na kila mara nitapaswa kumjibu.

Nisalimie Mama, na dada yangu anayepikia madereva wa malori Mtito Andei, na mzee wa kanisa jirani yetu. Martin nimemtembelea hospitalini, hana kinyongo. Mkiniombea kanisani, msitaje gari. Semeni tu kwamba Mutisya amepewa kazi kubwa kuliko yeye.

Mimi mwanao,
Mutisya