Sindano ya Sabine haikuwa kama yangu

Noella, weye, Sabine ameanguka! Sabine wetu wa Kalundu! Na goti walimubadilishia jana tu hapa hospitali, sawa na miye!

Alisikia mguu hauumi hata kidogo. Wamama wa kwaya wakaingia kumuombea. Akapiga kelele, "Nimepona!" Akasimama ashuhudie. Mguu ukalegea kama kitenge kilicholowa. Puu!

Na ni miye nilimwambia, "Simama tu, miye nilitembea asubuhi."

Munganga akanigombeza: "Mama, weye sindano ya kutuliza maumivu tulikuchoma katikati ya paja. Yeye tulimuchoma kwenye kinena, paja lote linalala. Maumivu hana, na nguvu hana!"

Miye nilizani sindano ni moja.

Wamemupeleka kupiga picha ya goti. Mlangoni alinishika mkono: "Bado sisikii kitu. Mungu anirudishie maumivu, nijue kama nimelivunja."