Makofi Kabla ya Wakati

4 Machi

Baba, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila moyo haujatulia tangu Jumamosi.

Baba, ule muziki tuliopiga ukumbini una sehemu nne. Sehemu ikiisha watu hukaa kimya, wanakohoa tu, mpaka ya nne imalizike. Ndipo wanapiga makofi. Wewe ya kwanza tu ilipoisha, nikasikia huko nyuma, pa pa pa, peke yako ukumbi mzima, na “Huyo mwanangu!” juu yake. Kiongozi wa okestra akageuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wenzangu hadi leo wananicheka.

Safari ijayo, tafadhali, usiwatangulie watu.

Binti yako, Chiriku

15 Machi

Chiriku wangu, marahaba.

Mguu haujambo, unanichokoza kukiwa na baridi tu. Lo, mwanangu, nisamehe! Kwetu gereji injini iliyosumbua ikiwaka tunashangilia palepale, hatungoji gari lifike kwa mwenyewe. Mkipiga tena Juni nitakaa kama gogo. Usinikataze kuja tu.

Baba yako

20 Juni

Baba, shikamoo.

Ulifika salama? Nilikuwekea kiti cha mbele makusudi, maana safari hii nilipiga fidla peke yangu. Nilipomaliza ukumbi wote ulisimama. Wewe ulikaa, mikono mapajani, unatazama viatu. Halafu ukaondoka bila hata kuniaga.

Kama ulikuwa unalipiza, umenipata. Nimelia. Nilisema usiwatangulie, sikusema uninyime.

Binti yako

30 Julai

Baba, mbona kimya? Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Chiriku

9 Agosti

Mwanangu, marahaba.

Nikulipize wewe? Hata kidogo. Masikio yameniziba, sisikii tena. Miaka yote ile ya kugonga mabati! Januari daktari aliniambia yataziba kabisa, ndiyo maana Machi nilikuja mbiombio. Sikukwambia, nisikutie wasiwasi jukwaani.

Juni niliona mkono wako unakwenda na kurudi, sikusikia hata chembe. Watu waliposimama nikashindwa. Nikupigie makofi ya uongo, wewe? Nikaona bora niondoke kabla hujaniona nalia.

Ile sehemu ya kwanza ya Machi niliisikia yote, nzuri mno. Ila waliponigeukia niliona haya, nikatoka nikakungoja barabarani mpaka nikachoka. Hizo tatu zilizobaki sikuzisikia.

Hebu niandikie, mama, zilikuwaje?

Baba yako