Usiniite Mzee wa Lamu

Mambrui, 3 Februari 2025

Mwanangu Rufaida,

Assalaam alaykum. Huku twashukuru, ila goti langu, nalo lilianza kuuma kabla hujazaliwa. Wewe na wanafunzi wako wa Kilifi mwaendeleaje?

Ile sura ya kitabu chako uliyompa Kambi wa matatu aniletee nimeisoma polepole, maana darasa la nne ndipo nilipoishia. Kisa nakijua. Mtu katumwa akamposee nduguye Taufiq mke, akawaongoza wazee hadi nyumba ya watu wengine, wakala halwa, akamwaga maneno matamu, ndipo mwenye nyumba akasema yeye ana watoto wa kiume watupu.

Lakini huyu “mzee mmoja wa Lamu” ni nani? Lamu nimekwenda mara moja, nikaumwa na tumbo. Uliacha uwakili ukachekeshe watu, tukakubali, hata mamako akanyamaza kulia. Mbona sasa kalamu yako imerudi mahakamani? “Yasemekana alikosea nyumba.” Nani asemaye? Nilikosea, na halwa nikaongezwa. Si wewe unayewafundisha mawakili na makarani waandike wazi nani kafanya nini? Basi nitaje.

Babako,
Abdillahi

Kilifi, 11 Februari 2025

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti umelipaka ile dawa, au umeiweka tu dirishani? Mimi sijambo, wanafunzi pia, ila bado barua zao zinaanza na “kufuatia ya hapo juu”.

Sikukuficha kwa kukuonea aibu. Shangazi Shekha alisikia habari za kitabu, akanipigia simu. Asema nimeacha kazi ya heshima nije kumfanya babangu kichekesho, na wenzako barazani watakutania mpaka ushindwe kwenda. Na baraza ndiyo raha yako, baba. Kitabu kikishachapwa sitaweza kukurudisha Lamu. Fikiri tena.

Mwanao,
Rufaida

Mambrui, 13 Februari 2025

Binti yangu,

Salamu zimefika. Dawa iko dirishani.

Nimefikiri. Hata kahawa haikuwahi kupoa. Chapa.

Babako

Mambrui, 2 Juni 2025

Mwanangu Rufaida,

Hujambo? Sisi wazima, ila sauti imenikauka, na mwenye makosa ni wewe.

Kitabu kilifika Ijumaa. Faiz wa duka alitaka awasomee watu barazani, nikamnyang'anya, nikasoma mwenyewe, kidole juu ya mstari. Nilipofika penye jina langu, wallahi nilitaka kuliruka. Nikalisoma, na la baba yangu pia. Wote wakanikodolea macho, nikajiambia Abdillahi, leo ndiyo mwisho wako wa kukaa hapa.

Taufiq ndiye aliyeanza kucheka, bwana harusi mwenyewe, mpaka akashika ukuta. Wakaangua kicheko wote. Nikaambiwa nirudie, nikarudia. Wamenitania? Hawajanyamaza mpaka leo. Mtu akinitembelea hupiga hodi, akauliza kwanza kama nyumba ndiyo hii. Nami nakwenda kila jioni, na mahali pangu wananiwekea.

Jana shangazi yako Shekha kaja, kaketi, kakifungua kitabu, kajifunika buibui usoni. Nikadhani analia. Kumbe mabega yanamcheza kwa kicheko. Alipotulia akasema, “Haya yote kayaandika Rufaida wetu?”

Nikamwambia, “Wetu tangu lini? Mwaka mzima umekuwa ukimwita ‘bintiyo huyo’.”

Lakini huo “wetu” nimemgawia. Kidogo tu.

Babako,
Abdillahi