Dakika Thelathini na Tano

Caribou, Maine
9 Aprili 2022

Kaka yangu Normand,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Jocelyne, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Theluji bado imelala mashambani, na Shangazi Clémence bado anagombana na jiko lake. Najua utashtuka kuuona mwandiko wangu baada ya miaka sita ya kununiana.

Kwanza pokea habari njema: nimekubaliwa chuo cha sheria. Baada ya miaka kumi na minane ya kuwachapia mawakili barua zao, Agosti naingia darasani mwenyewe, na ada nimefadhiliwa yote. Mama mmoja aliyenipigia simu kutoka ofisi ya udahili alisema insha yangu waliisoma kwa sauti mezani.

Insha hiyo ndiyo imenifanya nikuandikie. Katika mtihani wa kuingia kuna sehemu ya insha isiyo na alama. Unapewa kisa chenye njia mbili, zote zina uzito, unachagua moja na kuitetea kwa dakika thelathini na tano. Niliifanyia nyumbani kwenye kompyuta, kamera ikinikodolea macho. Kisa changu kilikuwa cha mwanamke aliyerithi duka la mikate: aliendeshe kama lilivyo, au aliuze aanze maisha mengine?

Unanijua. Nilirukia kulitunza. Nikaandika jasho la wazazi, jina la ukoo, yale yale niliyokutupia jikoni ulipouza shamba letu la viazi. Dakika ya kumi nikasoma nilichoandika, sikuona hoja hata moja. Kilikuwa kilio tu. Nikafuta yote.

Nikaanza upya, nikatetea kuuza. Maneno yalikuja mbio, kwa sababu yalikuwa yako. Siku ile uliniambia, "Odile, hili shamba limemmaliza baba, sasa linanitaka na mimi." Nilikuita msaliti, na ukoo mzima ukaitikia. Safari hii nilikuunga mkono, aya baada ya aya, na muda ulipokwisha nilijikuta nimesimama nikijipigia makofi mbele ya kamera kama mwehu.

Lakini kuna jambo, kaka, na kalamu inaniwia nzito. Wiki moja kabla baba hajafariki, ulipokuwa umekwenda kumchukulia dawa, alinishika mkono akasema, "Normand akitaka kuuza, mwache auze. Mwambie simlaumu." Sikukuambia. Nililitaka shamba, nikalificha neno lake, nikakuacha ubebe lawama peke yako. Hapo sina utetezi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, niliwazuia Shangazi na binamu zetu wote katika ukumbi wa kanisa, nikawaeleza kila kitu. Shangazi aliweka kikombe chake cha kahawa mezani, akasema, "Basi tumemwonea bure. Mwite aje ale." Nilitoka pale mwepesi kuliko siku nilipopokea ile simu.

Pasaka ni wiki ijayo. Sikulazimishi, lakini ukija, kiti kipo, na atakayekukunjia uso ataanza na mimi. Nisalimie wifi na watoto, uwabusu kwa niaba yangu.

Nisamehe.

Dada yako, niliye upande wako,
Odile