Njiani Hapapigwi Hodi

La Rochelle,
Johannesburg.
9 Juni 2019

Mpendwa kaka Octavian, pamoja na wapiganaji wenzangu wote wa kijijini Rwamashonga mtakaosomewa barua hii,

Nawasalimu kwa salamu za mapambano, kisha kwa salamu za nyumbani, ingawa moyoni hizi za pili ndizo zinazotangulia. Hamjambo nyote? Bibi anaendeleaje na magoti yake? Mtoto wako, kaka, kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima. Baridi ya Juni imeingia. Mama ameiweka hita ya mafuta ya taa miguuni pake na hakuna anayethubutu kuisogeza. Baba bado anagombana na redio kila jioni, na redio bado haijamshinda.

Kaka, barua yako ilinifikia nikifunga mizigo ya kwenda Uingereza. Uliandika kwamba yule bwana aliyenunua shamba la jirani amezungusha seng'enge na kusimika geti juu ya njia yetu ya chemchemi, na kwamba wanawake sasa wanazungukia bondeni na ndoo kichwani, Bibi akiwamo. Kisha ukaandika kwamba bwana huyo amelainika: yeyote atakayekwenda kumwomba ruhusa, atampitisha. Ukaniuliza, je, tumshukuru, yaishe?

Ninakujibu mbele ya ukoo mzima: tusimshukuru. Na jibu hilo sikulipata katika mikutano yetu ya wanafunzi pale chuoni Doornfontein. Nimelipata mahali ambapo nilikwenda nikiwa nimekunja uso, kama mtu aendaye kwa mwizi kudai mali ya babu yake.

Chuo kilitupeleka sisi tusomao upimaji wa ardhi katika kijiji kikongwe kiitwacho Wickenford. Nitasema kweli, maana mpiganaji asiyeweza kusifu uzuri wa nchi ya aliyemtawala bado anamwogopa: kijiji kile ni kizuri. Nyumba ni za mawe ya rangi ya asali, na mapaa ya nyasi yamepunguzwa kingo kama nywele za bwana harusi. Kanisa lina karne tisa. Nje ya kijiji ni vilima, kondoo, vijito, na nyua za miti iliyojaa maua meupe. Na katikati ya ngano ya mtu hupita njia nyembamba ya miguu. Ikifika kwenye ua, kuna vidato vya mbao vya kukuvusha. Nikauliza njia ile ni ya nani. Nikaambiwa ni ya kila mtu.

Mwenyeji wetu alikuwa Bi Dorothy, mwalimu mstaafu, mwembamba kama ufito na mwenye ulimi wa wembe. Alitueleza kwamba kila Mei kijiji kizima huizunguka mipaka ya parokia kwa miguu, mchungaji akiwa mbele, na watoto wakiyachapa mawe ya mpaka kwa fimbo ili wayakumbuke uzeeni. Mgeni naye hubebwa mikono na miguu, akagongeshwa makalio kwenye jiwe, asije akasahau. Mgeni wa mwaka huu nilikuwa mimi. Jacques, mwenzangu Mkongo wa mtaa wa Yeoville, alicheka mpaka akakaa chini. "Ya Emi," akasema, yaani dada Emi, "bazungu banakubeba sawa mufuko ya bunga, na weye unanyamaza?" Nikamwambia kwamba ninakusanya ushahidi.

Tulipofika upande wa mashariki tukakuta geti jipya juu ya njia ya zamani, na juu yake kibao: kupita ni kwa ruhusa ya mwenye shamba. Msimamizi wa shamba akalifungua kwa adabu zote. "Karibuni, bwana amewaruhusu leo." Nami, kwa malezi ya Mama, nikabisha hodi, nikainama kidogo, nikasema asante, nikanyanyua mguu.

Bi Dorothy akanidaka mkono. "Binti, unamshukuru kwa lipi?"

"Kwa kuturuhusu."

"Basi njia umeshampa."

Akanieleza pale pale. Kwao, njia ambayo watu wameipita miaka na miaka bila kumwomba mtu huwa haki yao. Lakini ukiipita kwa ruhusa, umekiri kwamba ni ya mwenzako, na fadhila aliyoitoa leo ataichukua kesho. Nilipogeuka nikaona watu wote wamesimama. Geti liko wazi, na hakuna anayepita.

"Piteni basi," msimamizi akasema. "Liko wazi."

"Tunaliona," akajibu Bi Dorothy. "Tutapita kibao kikishuka."

Mzee mmoja akafungua chupa yake ya chai, akammiminia mchungaji. Watoto wakawa wanachapa nguzo ya geti kwa fimbo, polepole, kwa zamu. Msimamizi akapiga simu, akapiga tena. Hatimaye mwenye shamba mwenyewe akaja na mabuti ya tope, uso umemwiva. Akawatazama watoto, akamtazama mchungaji, akaomba bisibisi. Kibao kikashuka. Tukapita, na hakuna hata mmoja aliyesema asante.

Nilipokanyaga upande wa pili sikuweza kujizuia. Nikainua ngumi, nikapaza wito wa mapambano ya Afrika Kusini: Amandla, yaani nguvu. Kondoo wakanitazama. Kisha nyuma yangu sauti ya ajuza ikaitika: Awethu, yaani ni yetu. Bi Dorothy alijifunza kiitikio hicho miaka ya themanini, akiwa amesimama na bango barabarani London kwa ajili ya watu kama Baba, waliokandamizwa na makaburu huku. Nilitembea maili iliyobaki kama niliyekabidhiwa nchi.

Ndugu zangu, tafakarini. Haki wanayoilinda kwao kwa fimbo za watoto ndiyo waliyotunyang'anya kwetu kwa bunduki, na leo mtu wa ngozi yetu anataka kutuuzia masalio yake kwa jina la ruhusa. Sheria yao si yetu, wala sikwenda kuinunua. Ya kwetu atatusomea Ta Ezekieli, mjomba wetu, katika baraza la ardhi la kijiji. Lakini akili iliyomo katika sheria ile ni ya kila binadamu atembeaye. Hodi hupigwa mlangoni pa mtu. Njiani hapapigwi hodi.

Kwa hiyo, kaka, waitu, tafadhali, mtu yeyote asiende kwa bwana yule kuomba. Hata kwa upole, hata kwa niaba ya Bibi. Seng'enge yake msiiguse na tusi msimtupie. Tutakwenda wote, wazee na watoto, tusimame getini mpaka lifunguke bila neno ruhusa. Na kila mmoja akate kipande cha mlamula, ule mti ambao wazee wetu hupandia mipaka, tukipande kando ya njia kuanzia barabarani hadi majini. Fimbo za Waingereza hukauka, zetu huchipua.

Mama na mimi tutafika Alhamisi, tarehe ishirini, maana chuo kinafunga. Msalimieni Bibi, na mwambieni atatangulia yeye mbele. Msalimieni Ta Ezekieli, na Placide ambaye najua atataka kuleta ngoma, ailete. Mungu aliyeibubujisha chemchemi ile kabla jina la mtu halijaandikwa kwenye hati yoyote awalinde nyote.

Tunakutana Jumamosi, tarehe 22 Juni, saa moja asubuhi, mbele ya kanisa. Kila mtu aje na ndoo tupu.

Dada yenu awapendaye, aliye njiani kuja,
Emiliana wa Hyasinta