Kadi ya Kliniki ya Wekesa

Kitale, Alhamisi, Agosti 1988

Mvua imenyesha tangu saa nane na haina haraka ya kuondoka. Nimekaa mezani na fomu ambayo nilipaswa kuijaza tangu Jumatatu. Chumbani Rose anajipima koti zito alilonunua mitumba, la baridi ya Uingereza. Kaka yake aliye huko ametualika tukale fungate kwake, na tiketi ameshatuma. Mke wangu ni wa wiki tatu tu, na tayari namkwepa macho.

Naona aibu. Wacha niiandike hapa kwanza, labda mdomo utafuata.

Jina langu si Joseph Wekesa.

Mimi ni Simiyu, mtoto wa Barasa. Nilianguka mtihani wa darasa la saba, na mwaka uliofuata sikuweza kusajiliwa tena kwa jina langu. Mwaka huo huo mwenzetu Wekesa alikufa kwa malaria, jina lake likiwa limeshapelekwa kwa mtihani. Mwalimu mkuu na baba yangu wakaenda Malakisi kwa mama yake, wakaomba niketi kwenye nafasi ya marehemu. Siku hizo wengi walifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Mama yule alikubali. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba niwe napita kumsalimia.

Nilifaulu, nikaenda sekondari, nikawa mwalimu. Kitambulisho, barua ya kazi, cheti cha ndoa, vyote vinasema Wekesa. Rose anafikiri Simiyu ni jina la kunidekeza nyumbani. Na mimi huyu huyu ndiye ninayewachapa wanafunzi wakichunguliana majibu!

Kumsalimia yule mama sikwenda hata siku moja.

Miaka kumi na mitatu. Na kutoka Kitale hadi Malakisi si ng'ambo.

Sasa pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa, ambacho sina. Jumatatu, karani wa ofisi ya vizazi ya Bungoma aliniambia cheti hakitolewi kwa maneno matupu. Nilete kadi ya kliniki yenye jina hilo, au mama mzazi aje mwenyewe. Mama yangu yuko hai, ni mtu wa kanisa, na hawezi kuapa kwamba alimzaa Wekesa. Kwa hiyo jana nilikwenda Malakisi. Nilibeba sukari kilo mbili na mkate, kama mtu anayekwenda kuposa.

Nilimkuta nje akifunga majani ya tumbaku kwenye fito. Majirani bado wanamwita Mama Wekesa, nami nilipobisha hodi ilibidi nimwite hivyo hivyo.

Alinitambua kabla sijajitaja. "Karibu, baba. Nilisema labda ulisahau barabara ya huku."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Nilieleza shida yangu nikiangalia viatu. Akaingia ndani, akatoka na kadi ya hospitali ya misheni ya Lugulu, imefungwa kwa nailoni, akasema hata panya hawajaigusa. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Ana wajukuu saba, na kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, lakini hakuna hata mmoja aliyempa la Wekesa.

"Ningewapa aje, na hiyo jina bado iko na wewe? Si nilikuwa nangoja uoe, uzae, ndio iendelee na watoto wako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akauliza kama nimeoa. Nikajibu ndiyo, wiki tatu zilizopita. Akafuta mikono kwenye leso polepole.

"Ati umeoa na mimi sikuitwa? Bibi ya Wekesa si ni wangu pia? Mlete nimuone, bana."

Nikasema nitamleta. Nilikuwa nadanganya, na nadhani alijua.

Kadi iko hapa mezani. Kwenye fomu ya cheti, mahali pa jina la mama bado ni wazi. Nikiandika la mama yule, naapa uongo. Nikiacha, hakuna Uingereza, na ukoo mzima wa Rose utauliza kwa nini. Lakini fomu siyo inayoniuma zaidi. Rose alisimama kanisani akaapa kuwa wa Wekesa. Leo asubuhi nimemkuta akijizoeza sahihi yake mpya nyuma ya kadi ya harusi: R. Wekesa, R. Wekesa, mpaka chini.

Ananiita nikaone koti. Anasema limemkaa vizuri.

Nitakwenda sasa hivi, kabla moyo haujageuka. Nitamwomba alivue, aketi kitandani. Nitaanza na mama wa Malakisi, nimalizie na Simiyu. Kisha nisikie ataniita nani.